Mama Kadi na Majina Matatu ya Kijitabu cha Nyuki

Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, na Mungu analijua, lakini pale maktabani kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mama Kadi. Aliingia kama mfagizi, elimu yake ya darasa la saba kichwani na ufagio mkononi, mpaka siku moja karani wa kadi akaumwa mkono, na mkuu wa wakati ule akauliza ni nani mwenye mwandiko unaosomeka. Mfagizi akanyoosha kidole. Akaandika kadi moja, akaandika ya pili, akafika ya mia. Karani alipopona alikuta kiti kimeshapata mwenyewe, akahamia chumba cha magazeti bila kinyongo, maana magazeti ndiyo aliyoyapenda tangu mwanzo.

Maktaba yenyewe ilikuwa ya vijitabu vyembamba vya mafunzo: kufuga kuku, kuchimba choo, kutunza meno, kushona. Kila kijitabu kilichapwa kwa lugha tatu ndani ya jalada moja. Kurasa za mbele zilikuwa za Kiswahili, za katikati lugha ya watu wa milimani, za mwisho lugha ya watu wa ng'ambo ya mto. Watu walifupisha, wakasema Kimlimani na King'ambo, yakaisha. Mama Kadi alizaliwa ng'ambo, akasomeshwa kwa Kiswahili, akaolewa na mtu wa milimani, kwa hiyo lugha zote tatu zilikaa mdomoni mwake kwa amani, kama ndugu wa tumbo moja. Kadi zake alizibuni mwenyewe, na wenzake waliziita kadi zenye mikia mitatu. Kila asubuhi alishika mshikio wa droo ya kwanza, akafumba macho, akasema, "Ee Mungu, leo nisipoteze cha mtu," ndipo akavuta.

Msomaji aliyemwogopa kuliko wote alikuwa mama mkwe wake. Bibi huyo aliishi nao nyumba moja, kwenye chumba cha karibu na jiko, na Mama Kadi ndiye aliyemfundisha kusoma akiwa na miaka sitini na sita. Alisoma Kimlimani tu. Kiswahili alikisema vizuri, na kwa kuchambua watu alikisema vizuri mno, lakini kukisoma alikataa. Alisema macho yake yameshachagua. Kila Jumatano baada ya chai alivaa nguo yake ya kutokea, akatwaa mkoba, akaenda maktabani. Alifungua droo mwenyewe, akachagua kadi mwenyewe, akaenda rafuni mwenyewe. Ukithubutu kumwambia, "Nikusaidie, bibi?" alikujibu, "Nimekwambia nimepotea?"

Watu walicheka. Mama Kadi hakucheka sana, kwa kuwa alijua kilichokuwa nyuma ya jibu lile. Bibi aliishi miaka sitini na sita kwa kuuliza watu. Barua hii inasemaje. Kibao kile kimeandikwa nini. Dawa hii ni ya kunywa au ya kupaka. Siku alipochagua kijitabu cha kwanza bila kuuliza mtu yeyote, alikiweka chini ya mto akakilalia. Sasa ukimrudisha kwenye kuuliza, huyo hatauliza. Ataacha kusoma, na atasema ni magoti.

Kompyuta nne zilifika zikiwa zimefungwa kwenye maboksi kama sahani za harusi, na pamoja nazo akaja fundi wa mifumo, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, tumbo limemtangulia hatua mbili, mifuko yake yote imejaa nyaya. Haikupita saa akawa ameshaitwa Bwana Nyaya.

Mkuu wa maktaba, ambaye wote walimwita Bi Mkuu, akawakusanya kwenye meza ndefu.

"Orodha yote itahamia humu ndani," alisema, akipapasa kioo cha kompyuta. "Kadi zitaenda stoo."

"Na lugha?" Mama Kadi aliuliza.

"Tutajaribu zote tatu, kwa vijitabu mia moja vya kwanza. Lakini niseme mapema, Mama Kadi, usije ukaniona mbaya. Ijumaa ya wiki ya tatu anakuja mgeni kutoka makao makuu. Akikuta lugha tatu zinatuchanganya, orodha itabaki ya Kiswahili peke yake. Anayetaka lugha nyingine atauliza mezani."

Atauliza mezani. Mama Kadi akamfikiria mama mkwe wake.

Bwana Nyaya alianza kazi kwa kujiamini. "Hizi habari za kijitabu," alimweleza, "jina lake, mwandishi, rafu, kurasa, sisi wenye fani tunaziita metadata."

"Sisi tulikuwa tukiziita kadi."

"Ndiyo hizo hizo, mama. Sasa, kila lugha nimeipa rekodi yake. Kijitabu kimoja, rekodi tatu. Safi kabisa, hakuna lugha inayoikanyaga nyingine."

Mama Kadi akakaa, akaandika rekodi mia tatu za vijitabu mia moja. Wiki ile ile mwalimu mmoja akaazima kijitabu cha ufugaji wa nyuki. Aliazima kwa rekodi ya Kiswahili, na rekodi ya Kiswahili ikaandika kwamba kimetoka. Zile nyingine mbili hazikuambiwa kitu. Siku ya pili akaja mzee mmoja wa ng'ambo, akasoma kwamba kijitabu kipo, akakitafuta nusu saa nzima, mpaka akapiga magoti kuchungulia chini ya rafu.

"Mashine yenu inasema kipo," alilalamika huku akijipangusa vumbi.

"Kipo kwa King'ambo," Bwana Nyaya akajibu. Kisha akajisikia alivyosema, akajikuna kisogo. "Nipeni siku mbili."

Siku mbili zikawa nne. Aliporudi alikuwa amegeuza kila kitu. "Safari hii ni rekodi moja," alisema. "Kijitabu kimoja, rekodi moja. Lakini kila nafasi ndani ya rekodi ina vyumba vitatu: cha Kiswahili, cha Kimlimani, cha King'ambo. Wewe jaza tu, mama. Usiache chumba kitupu, mashine haipendi."

Ni nani wa kumwambia Mama Kadi asiache chumba kitupu? Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake. Alikaa sawasawa, akajaza jina la kijitabu mara tatu, muhtasari mara tatu, mada mara tatu. Mkono ulishika kasi kama wa mwenye kusuka ukili. Akafika kwenye nafasi ya rafu, na mkono haukusimama.

Rafu za pale ziliwekewa herufi na namba. Herufi ilitokana na mada kwa Kiswahili: U ni ufugaji, M ni malezi, na kadhalika. Nyuki walikaa U4. Mama Kadi akaandika U4 kwenye chumba cha Kiswahili. Akaja kwenye chumba cha Kimlimani, akaona kitupu, akafikiri: ufugaji kwa Kimlimani unaanza na M. Akaandika M4. Kwenye King'ambo akaandika S4, rafu ambayo haijawahi kuwepo tangu jengo lile lijengwe. Alifanya hivyo kwa vijitabu vyote mia moja, kwa mwandiko wa moyo safi, akamshukuru Mungu, akaenda nyumbani.

Jumatano ya wiki ya tatu Bi Mkuu akasema wajaribu na msomaji wa kweli kabla mgeni hajafika. Hawakuhitaji kumtafuta. Saa yake ilipotimia, bibi aliingia na mkoba wake. Alikitaka kijitabu cha nyuki, na alikuwa na sababu: kundi la nyuki lilihamia kwenye sanduku bovu nyuma ya nyumba, mwanawe anataka kuwafukuza kwa moshi, yeye hataki.

Walimwonyesha mara moja tu jinsi ya kubonyeza. Bibi akavuta kiti, akachagua Kimlimani, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anayetoboa matundu ya vifungo. Jina la kijitabu likatokea kwa lugha yake. Akatabasamu upande mmoja. Akasoma, "M4," akainuka, akaenda. Bi Mkuu na Bwana Nyaya wakatazamana kwa furaha.

Bibi akakawia. Akakawia tena. Aliporudi alikuwa ameshika kijitabu mbali na mwili wake, kwa vidole viwili.

"Mkwe wangu," alisema, kwa sauti ya chini, ile inayotisha zaidi. "Mimi nina miaka sabini na minne."

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu alifariki mwaka wa mafuriko."

"Ndiyo, mama. Mungu amrehemu."

"Basi niambie ni nani mnayetarajia nimnyonyeshe."

Jaladani palikuwa na mtoto mchanga na mama yake. Bi Mkuu alicheka mpaka akatafuta kiti, Bwana Nyaya akageukia ukutani mabega yakimtetemeka. Mama Kadi naye akacheka, halafu akatazama kioo cha kompyuta, akaona M4, na kicheko kikamkauka. Alikuwa ameutambua mkono wake.

Bi Mkuu alipofuta machozi, uso ulikuwa umebadilika. "Mama Kadi," alisema kwa upole, "hii ikitokea mbele ya mgeni, tumekwisha. Nadhani tuziondoe hizi lugha mbili kesho. Samahani."

Bibi alikisukuma kijitabu cha kunyonyesha mkobani. "Sirudi mikono mitupu," alisema, akaondoka.

Jioni, bibi na Mama Kadi walikaa jikoni wakichambua mchele. Mume wa Mama Kadi alikuwa uani akiwatazama nyuki kwa mbali, kama mtu anayedaiwa nao.

"Aliyeandika M ni nani?" bibi aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Basi usiununie mchele, haujakukosea." Bibi akatoa chenga, akaiweka pembeni. Wakachambua. Baadaye akasema bila kuinua macho, "Niliposimama pale rafuni nilijua si penyewe. Nikasema nirudi niulize. Mdomo ukakataa."

Mama Kadi akaendelea kutoa chenga.

"Jumatano ijayo nadhani nitapumzika," bibi akaendelea. "Magoti haya."

Mama Kadi alilala na neno hilo la magoti, akaamka nalo. Asubuhi alitangulia kufika maktabani kuliko wote. Alishika mshikio wa droo, akafumba macho, na safari hii sala yake ilikuwa ndefu kidogo. Akavuta, akaitoa kadi ya nyuki kuitazama tu, kama mtu anavyotazama picha ya zamani.

Akaigeuza. Akaitazama tena.

Miaka ishirini na saba hakuwahi hata mara moja kuitafsiri rafu. Si kwamba alikuwa na akili zaidi ujanani. Kadi yenyewe haikumpa nafasi. Kichwa cha kadi kilikuwa kimoja: namba ya kijitabu, rafu, mwandishi, mwaka, kurasa, kimetoka au kimo. Chini ya kichwa ndipo ilipoanza mikia mitatu ya karatasi, mmoja kwa kila lugha, na kwenye mkia paliandikwa jina la kijitabu, muhtasari na maneno ya mada. Basi. Ukitaka kuandika rafu kwenye mkia, huna pa kuiandika. Kosa lilikosa mlango wa kuingilia.

Bwana Nyaya alimkuta amekaa kwenye kiti chake yeye, kadi imelala juu ya kibodi.

"Shikamoo, Mama Kadi. Umeshanihamisha?"

"Marahaba, baba. Kaa hapa, nikuulize. Wewe ukisema Kiswahili una miguu mingapi?"

"Miwili."

"Na ukisema King'ambo?"

"King'ambo sikijui, mama, lakini nadhani ni ile ile miwili."

"Basi kijitabu nacho kiko hivyo. Kurasa zake ni arobaini kwa ulimi wowote. Wewe umenipa vyumba vitatu vya kuandika kurasa, na mimi kwa ujinga wangu nikavijaza vyote."

Bwana Nyaya aliiinua kadi, akaifunua mkia mmoja mmoja. Akairudia kutoka kichwani mpaka mkia wa mwisho. "Hii," alisema hatimaye, "kwa nini hamkunionyesha siku ya kwanza?"

"Ulisema zinaenda stoo."

Akacheka, akavuta daftari. Walikata karatasi vipande vidogo, kila kipande nafasi moja ya rekodi, wakavimwaga mezani kama karata. Mama Kadi akatoa kipimo: je, jambo hili linabadilika nikibadilisha ulimi? Likibadilika liende mkiani, lisipobadilika liende kichwani.

"Rafu?"

"Kichwani. Niache nisiiguse tena maishani."

"Mwaka wa kuchapwa?"

"Kilichapwa mara moja. Kichwani."

"Jina la mwandishi?"

"Jina la mtu ni la mtu. Kichwani."

"Picha ya jalada?"

Hapo Mama Kadi alisita. "Picha ni moja, kichwani. Lakini yale maneno ya kueleza picha, kwa asiyeona vizuri, hayo ni ya mkiani."

"Na mada? Maana mada ulizitafsiri, na ulifanya vizuri."

Mama Kadi akaigeuza kadi nyuma. Pale palikuwa na namba ndogo, 31. "Maneno ya mada ni matatu, lakini nyuki ni nyuki. Namba thelathini na moja ni nyuki kwa lugha zote. Nikipata kijitabu kingine cha nyuki nacho nakipa thelathini na moja, ili vijuane."

Bwana Nyaya akapiga mluzi mdogo. Akavuta kadi nyingine kutoka droo, akaonyesha mkia mmoja ulioandikwa kwa kalamu ya risasi. "Na huu? Umepauka."

"Huo ni wa kijitabu ambacho jina lake la King'ambo lilikuwa bado. Siachi patupu, lakini pia sisemi uongo. Naandika la Kiswahili kwa kalamu ya risasi, msomaji ajue ni la kuazima. Likipatikana, nafuta."

"Basi kwenye mashine litatokea kwa kijivu," alisema Bwana Nyaya, vidole vimeshaanza kukimbia. "Mama, ungesoma fani hii ungetunyima kazi sote."

"Mungu alinipa darasa la saba, baba. Limenitosha mpaka leo."

Alikwenda kwa Bi Mkuu, akapiga hodi, akaomba siku ile moja tu. Bi Mkuu aliitazama kadi, akaitazama saa, akasema, "Mpaka jioni." Kutwa nzima Mama Kadi alikaa akisahihisha rekodi mia moja. Rafu ilikuwa na nafasi moja tu sasa, na kila alipoifikia aliandika mara moja akaipita, moyo mweupe.

Nyumbani hakumbembeleza bibi. Alijua kubembeleza nako ni namna ya kumwongoza mtu kwa mkono. Alipokuwa akiosha vyombo alisema tu, kama anayeongea na sufuria, "Tumeirekebisha ile orodha, mama. Naomba nawe uamini, ukisoma sasa utafika."

"Sijakuuliza," alisema bibi.

Ijumaa mgeni wa makao makuu alifika, mwanamke mrefu mwenye daftari gumu na tabia ya kuandika kabla hujamaliza sentensi. Aliuliza swali la kwanza, akaandika. Aliuliza la pili, akaandika. La tatu lilikuwa hili: "Na lugha tatu hamzioni ni mzigo?" Bi Mkuu alifungua mdomo, na mlango ukafunguka.

Bibi alikuwa amevaa nguo ya kutokea, siku isiyokuwa Jumatano.

Akasalimia wote kwa mpigo. Akavuta kiti, akabonyeza Kimlimani, akatoboa matundu yake kwa kidole kimoja. Mama Kadi alisimama nyuma ya droo zake, midomo ikicheza bila sauti. Bibi akasoma. Akainuka. Mgeni alimwona mzee anaondoka peke yake kuelekea kwenye rafu, akamfuata kwa huruma.

"Nikusaidie, bibi?"

"Nimekwambia nimepotea?"

Mgeni akarudi nyuma hatua mbili, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuandika kitu. Halafu kwenye rafu ya U4 kikasikika kikohozi kidogo cha ushindi, na bibi akatokea ameshika kijitabu kifuani, nyuki wa jaladani wakitazama mbele. Akaketi karibu na dirisha, akafungua kurasa za katikati, akaanza kusoma kwa sauti ya kunong'ona, bila kumtazama yeyote.

Mgeni alisimama kitambo akimwangalia. Akamgeukia Bi Mkuu. "Nilikuwa nimeuliza nini?"

"Kama lugha tatu ni mzigo."

"Ah." Akafuta mstari mmoja kwenye daftari lake, akaandika mwingine. "Zibaki. Na hiyo kadi yenye mikia naomba niione, kuna matawi mawili yanahangaika na jambo hili hili."

Mama Kadi alimpa, lakini alimwomba airudishe, maana ile droo haijawahi kulala na pengo. Bwana Nyaya alimkonyeza kutoka nyuma ya kompyuta. Yeye akafumba macho kidogo, akashukuru, akaendelea na kazi.

Saa ya kufunga ilipofika, bibi alikuja mezani kuandikisha kijitabu cha nyuki. Mkobani akatoa na kile cha kunyonyesha, akakiweka juu ya meza kwa heshima kuliko alivyokichukua.

"Kirudishe. Nimekimaliza."

"Chote, mama?"

"Chote. Kurasa za katikati nimezisoma mara mbili." Akaiweka nguo yake vizuri, akaegemea meza, akashusha sauti ili wengine wasisikie, ingawa Bwana Nyaya alisikia vizuri sana. "Mkwe wangu, tulikosea mengi enzi zetu. Yule mumeo nilimwanzishia uji mapema mno. Ndiyo maana anaogopa nyuki."